VIKOPE NA MACHO YA KUWASHA: HISTORIA AMBAYO KILA MZAZI ANAFAA KUIJUA



Ndugu wazazi na walezi, tarehe 21 Septemba 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba Malawi imetokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Ikawa nchi ya kwanza Kusini mwa Afrika kufikia hatua hiyo. Trakoma ni ugonjwa ule ule ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita vikope. Mwaka 2015 watu milioni 7.6 hapa Malawi walikuwa wakihesabiwa kuwa wako hatarini kuupata. Miaka saba baadaye hesabu hiyo ikawa sifuri.

Hii ni neema kubwa na inafaa kushukuriwa. Lakini sisi tunaosomesha watoto tunaulizwa swali moja na wazazi, hapa Mchesi na kule Dzaleka: kama vikope vimekwisha, mbona mwanangu bado ana macho mekundu? Mbona anayasugua mchana kutwa, anakimbia jua, na asubuhi anaamka na tongotongo zinazovutika kama uzi? Amekwenda akapewa dawa, akapona wiki moja, kisha yakarudi.

Jibu fupi ni kwamba jicho jekundu la mtoto si ugonjwa mmoja. Ni dalili inayoshirikiwa na maradhi mengi, na dawa ya hili inaweza kuwa sumu kwa lile. Jibu refu limo katika historia, nayo ni historia ambayo Waislamu wana sehemu yao ndani yake. Tuipitie pamoja, halafu mwishoni tuone inatuambia nini kuhusu watoto wetu leo.

1. WATABIBU WA MACHO WA BAGHDAD

Vikope ni ugonjwa wa kale sana. Wamisri wa zama za mafirauni waliandika dawa za macho katika makaratasi yao ya mafunjo, na Wayunani ndio waliotoa jina trakoma, maana yake ukwaruzo. Ukigeuza ukope wa juu wa mgonjwa, ndani yake hakuna ulaini, bali kuna vipele vinavyokwaruza.

Waarabu waliuita jarab. Katika karne ya 9 Hunayn ibn Ishaq, tabibu na mfasiri Mkristo aliyefanya kazi Baghdad chini ya makhalifa wa Banu Abbas, aliandika risala kumi kuhusu jicho. Humo jarab imegawanywa daraja nne, kuanzia wekundu na ukwaruzo mdogo mpaka ukope unapokuwa mgumu. Daraja mojawapo waliifananisha na tunda la tini lililopasuliwa, lenye mbegumbegu ndani. Mtu yeyote aliyewahi kuona ukope wa mtoto mwenye vikope ukigeuzwa ataelewa kwa nini walichagua tini.

Mwanzoni mwa karne ya 11 akaja Ali ibn Isa, naye wa Baghdad, aliyeitwa al-Kahhal, yaani tabibu wa macho. Kitabu chake, Tadhkiratul Kahhalin, kilieleza maradhi ya macho yapatayo 130, kila moja na alama zake na matibabu yake. Kilifasiriwa kwa Kilatini na kikategemewa kwa karne nyingi. Zingatieni jambo moja. Watabibu hawa hawakuridhika kusema "macho yanauma". Ramad, yaani uvimbe wa jicho, waliiweka mahali pake. Jarab mahali pake. Sabal, ule utando wa mishipa unaopanda juu ya kioo cha jicho, mahali pake. Na hikka, yaani kuwashwa, waliiandika peke yake. Walijua kwamba anayekosea jina la ugonjwa atakosea na dawa.

Na jamii nayo ililinda jambo hili. Katika karne ya 12 huko Shamu, al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib, yule msimamizi wa soko. Humo alielekeza kwamba watabibu wa macho wapewe mtihani kwa kitabu cha Hunayn, na anayeshindwa asiruhusiwe kugusa macho ya watu. Wale waliozunguka mitaani wakiuza dawa za macho aliwatahadharisha watu nao. Tutarudi kwenye jambo hili tukifika kwenye dawa za leo.

2. JESHI, BANDARI NA WASAFIRI

Mwaka 1798 Napoleon alivamia Misri. Maelfu ya askari wake, na baadaye askari wa Kiingereza waliopelekwa kupigana nao, walishikwa na maradhi makali ya macho. Waliporejea kwao walirejea nayo, yakaenea kambini na mitaani. Ulaya wakayaita maradhi ya macho ya Misri, ingawa vikope vilikuwako katika nchi nyingi kabla ya hapo. Hofu hiyo ni moja ya sababu zilizofanya hospitali ya macho ya Moorfields ianzishwe London mwaka 1805.

Miaka mia moja baadaye vikope vikawa kikwazo cha wahamiaji. Katika kisiwa cha Ellis, bandarini New York, mwanzoni mwa karne ya 20, kila aliyeshuka melini aligeuzwa kope na daktari, mara nyingi kwa ndoano ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya kufungia vifungo vya viatu. Aliyekutwa na trakoma kwa kawaida alirudishwa alikotoka. Ikawezekana mama aingie na mtoto azuiwe, au baba arudishwe na familia ibaki. Ndugu zetu wa Dzaleka waliowahi kusubiri majibu ya vipimo vya afya kabla ya safari ya kuhamishiwa nchi ya tatu wanaelewa uzito wa jambo hili bila kuelezwa.

Na hapa pana somo. Ulaya na Marekani vikope vilipungua sana hata kabla ya dawa za uhakika kupatikana. Kilichovipunguza ni maji majumbani, vyoo, nyumba zisizosongamana na mabadiliko ya maisha kwa jumla. Dawa za salfa zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1930, na antibiotiki nyingine baadaye. Kabla ya hapo madaktari walikuwa bado wanasugua kope kwa kijiwe cha shaba, tiba isiyotofautiana sana na ile ya Ali ibn Isa.

3. MDUDU AJULIKANA

Mwaka 1907 wanasayansi wawili, Halberstaedter na von Prowazek, wakiwa Java, waliona kwa hadubini vijidudu vya ajabu ndani ya chembe za jicho lenye trakoma. Ilichukua nusu karne nzima kumkamata mdudu huyo. Mwaka 1957 mtafiti wa Kichina, Tang Feifan, akiwa Beijing, alichapisha habari ya kufanikiwa kumkuza ndani ya mayai ya kuku. Kisha akamtia katika jicho lake mwenyewe ili kuthibitisha kwamba kweli ndiye. Leo anajulikana kama Klamidia trakomatisi.

Jinsi anavyofanya kazi ni hivi. Mtoto mdogo anaambukizwa kwa vidole, kwa nguo na taulo za kufutia uso, na kwa nzi wanaotua kwenye macho na pua zenye uchafu. Anapona, anaambukizwa tena, na tena. Ni huko kurudiarudia kunakoleta hasara. Kila mara kovu dogo linabaki ndani ya ukope. Baada ya miaka mingi makovu yanajikunja, ukope unageukia ndani, na kope zinaanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Hapo ndipo upofu unapoingia, mara nyingi mtu akiwa mtu mzima.

Kwa hiyo ugonjwa unaanza kwa mtoto na upofu unampata bibi. Tena wanawake ndio wanaopofuka zaidi, hadi mara nne kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto, wanaowabeba, wanaowafuta pua na macho.

4. KONGWA NA ROMBO: TANZANIA YAFUNDISHA DUNIA

Wengi mnaijua Kongwa, mkoani Dodoma, kwa ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuanguka vibaya. Lakini Kongwa imeandikwa pia katika historia ya macho. Tangu miaka ya 1980 watafiti wakishirikiana na serikali ya Tanzania walikaa katika vijiji vya Wagogo, eneo kavu lenye mifugo mingi, vumbi na nzi, wakichunguza vikope vinaishije.

Mojawapo ya mambo waliyoyakuta ni hesabu ya maji. Akina mama waliokwenda mbali kuchota maji waliona kuosha nyuso za watoto kila siku ni anasa, itamaliza ndoo. Haukuwa uvivu, ilikuwa hesabu. Basi wakakaa nao na kuonyeshana kwa vitendo kwamba maji kidogo tu, chini ya lita moja, yanatosha nyuso za watoto wengi ikiwa yanamiminwa kidogo kidogo. Mwaka 1995 matokeo ya kampeni ya kuosha uso yalichapishwa: watoto ambao nyuso zao ziliendelea kuwa safi walikuwa na vikope vikali kwa uchache kuliko wenzao.

Kule Rombo, mkoani Kilimanjaro, katika kitongoji cha Kahe Mpya, jambo jingine lilijaribiwa. Karibu wakazi wote, zaidi ya 950, walipewa dozi moja ya azithromaisini, dawa ambayo wengi waliijua kwa jina la Zithromax. Kabla ya dawa, wenye mdudu walikuwa asilimia 9.5. Baada ya miezi miwili, asilimia 2.1. Baada ya miaka miwili, asilimia 0.1. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Kijiji kimoja chini ya Mlima Kilimanjaro kiliionyesha dunia kwamba ukitibu watu wote kwa pamoja, mdudu anakosa pa kukimbilia.

Wakati huo WHO ilikuwa imeshaweka mkakati wa mambo manne:

1. Upasuaji kwa wale ambao kope zao zimeshageukia ndani.
2. Antibiotiki kwa jamii nzima, sio kwa mgonjwa mmoja mmoja.
3. Usafi wa uso, hasa kwa watoto.
4. Mazingira: maji, vyoo na kupunguza nzi.

Kuhusu nzi, aina inayopenda macho ya watu huzaana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Choo cha shimo kinachotumiwa na kila mtu, pamoja na watoto wadogo, kinamnyima mahali pa kuzalia.

Nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa na WHO kwa utaratibu huu ilikuwa Oman, mwaka 2012. Na mwaka 2025 ikathibitishwa Burundi. Ndugu zetu Warundi wa Dzaleka, hii ni habari yenu, wasimulieni watoto wenu.

5. MALAWI: KUTOKA CHIKWAWA HADI MCHINJI

Hapa kwetu, vikope vilijulikana rasmi tangu miaka ya 1980. Mwaka 1983 watafiti walipima watoto katika bonde la chini la mto Shire, kusini, wakakuta ugonjwa umejaa. Lakini kwa miaka mingi hakukuwa na ramani ya nchi nzima.

Mwaka 2008 ulifanyika upimaji katika wilaya mbili: Chikwawa, kusini, na Mchinji, mpakani na Zambia, si mbali na hapa Lilongwe. Kwa watoto wa miaka 1 hadi 9, Chikwawa walikuta vikope hai kwa asilimia 13.6. Mchinji asilimia 21.7. Maana yake kila watoto watano wa Mchinji, mmoja alikuwa nacho. WHO inasema ikifika asilimia 10, wilaya nzima ipewe dawa. Kwa hiyo mambo yalikuwa makubwa.

Kilichofuata kinafaa kusomwa na kila kiongozi wa jamii. Wilaya nyingine zikapimwa. Kikundi kazi cha taifa kikaundwa. Wahudumu wa afya wa vijijini, wale wanaokuja kuchanja watoto, wakapita nyumba kwa nyumba na dawa. Watoto walipimwa urefu kwa kijiti chenye alama, si kwa mizani, ili kujua kiasi cha dawa ya maji. Watoto wachanga wa chini ya miezi sita wakapewa mafuta ya macho ya tetrasaiklini. Maofisa tabibu wa macho, ambao si madaktari bingwa, walifundishwa kufanya upasuaji wa kope na wakaufanya wilayani, karibu na watu. Shuleni watoto wakafundishwa kuosha uso kwa nyimbo.

Ndugu msomaji, tuelewe vizuri maana ya "kutokomeza". Haina maana kwamba mdudu hayuko tena Malawi. Maana yake ni kwamba vikope hai kwa watoto wa miaka 1 hadi 9 vimeshuka chini ya asilimia 5 katika kila wilaya iliyokuwa na ugonjwa, wenye kope zilizogeukia ndani ambao hawajafikiwa na huduma ni chini ya 2 katika kila watu wazima 1,000, na kuna mpango wa kuwahudumia wanaojitokeza. Ni kama moto uliozimwa ambao majivu yake bado yana joto.

Na moto huu unapenda nini? Msongamano, maji ya foleni, vyoo vichache, watoto wengi chini ya paa moja. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa wakati wa Kamuzu Banda. Iliandaliwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo imebeba zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na familia nyingi zilihama ghafla, ndoo na magodoro kichwani. Sisemi kwamba vikope vimerudi Dzaleka. Nasema kwamba mazingira ambayo vikope vinayapenda tunayajua, na tunaishi ndani yake. Anayeishi hivyo hapaswi kuambiwa "osha uso" peke yake. Anapaswa pia kupata maji ya kuoshea.

6. KUMBE MACHO YA MWANANGU SI VIKOPE?

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Mtoto wa miaka saba, mara nyingi wa kiume, macho yanamwasha sana. Si kuuma, kuwasha. Anasugua kwa ngumi. Mboni imezungukwa na rangi ya udongo badala ya weupe. Ute wake ni mzito, unavutika kama uzi. Jua linamtesa. Kila mwaka, vumbi na joto la Septemba na Oktoba vikianza, hali inakuwa mbaya. Pengine ana pumu au ngozi yake inawasha pia.

Huyu kwa uwezekano mkubwa hana vikope. Ana mzio wa macho wa muda mrefu. Madaktari wa Ulaya wa karne ya 19 waliupa jina la maradhi ya majira ya machipuko, kwa sababu kwao ulikuja miti ikichanua. Kwetu Afrika, kwenye joto na vumbi, unaweza kukaa mwaka mzima. Ni miongoni mwa sababu za kawaida zinazoleta watoto katika kliniki za macho Afrika Mashariki. Jina kwa kweli halitufai, lakini ugonjwa ni wetu.

Mhudumu anatofautisha vipi? Anageuza ukope wa juu na kuangalia kwa kioo cha kukuzia:

- Kwenye vikope ataona vipele vyeupe vidogo ndani ya ukope wa juu. Kanuni ya WHO ni vitano au zaidi, kila kimoja si chini ya nusu milimita. Ute ni wa usaha au majimaji. Ndugu zake pia huwa nacho.
- Kwenye mzio ataona vinundu vikubwa vilivyobanana kama mawe ya kutandikia barabara, au uvimbe kama utelezi kuzunguka mboni wenye vidoa vyeupe. Kuwashwa ndiyo dalili kuu. Hauambukizi.
- Kwenye ukosefu wa vitamini A, jicho ni kavu, halimeremeti, na mtoto anajikwaa jioni kwa sababu haoni kwenye giza. Hii ni dharura, hasa akitoka kuugua surua.

Kwa hiyo, mtoto mwenye mzio hana sababu ya kutengwa na wenzake. Msimfukuze mkekani wala msimzuie kucheza. Ugonjwa wake haumrukii mtu. Kwa wengi, unapungua na kuondoka wakifika ujana. Kazi yetu ni kuhakikisha anafika huko macho yake yakiwa mazima.

7. DAWA ZA MITAANI, WANJA NA MAJANI

Hapa ndipo naomba wazazi wasome polepole.

Mzio hutibiwa kwa subira. Maji baridi juu ya kope, kofia yenye ukingo, kunawa uso baada ya vumbi, na matone ya kuzuia mzio yanayotumiwa kila siku kwa miezi, hata siku ambazo macho ni mazuri, kwa sababu kazi yake ni kuzuia. Hali ikiwa kali, daktari wa macho anaweza kutoa matone ya steroidi kwa siku chache, akimpima mtoto mara kwa mara.

Steroidi zilianza kutumika kwenye macho miaka ya 1950, na watu walizishangaa. Jicho jekundu linakuwa jeupe kwa siku mbili. Lakini kufikia miaka ya 1960 madaktari walikuwa wameshajua gharama yake. Zikitumiwa muda mrefu bila kupimwa, presha ya jicho inapanda kimya kimya na kuua mshipa wa kuona. Hiyo ni glakoma, na kinachopotea hakirudi. Pia zinaleta mtoto wa jicho. Na jicho likiwa na kidonda cha ukungu au virusi, zinakifungulia mlango.

Sasa angalieni mitaani kwetu. Mzazi ananunua chupa dukani bila cheti. Mtoto anapata nafuu. Chupa ikiisha, macho yanarudi, mzazi ananunua nyingine. Mwaka unapita, wa pili unapita. Hakuna anayeumia, mpaka siku mwalimu anagundua mtoto hasomi tena ubaoni. Yule muhtasib wa karne ya 12 aliyewazuia wauza dawa za macho wa sokoni alikuwa anaizuia balaa ya namna hii hii. Someni chupa. Jina la dawa likiishia na "-sone" au "-lone", kama dexamethasone au prednisolone, hiyo kwa kawaida ni steroidi. Usiendelee nayo bila daktari. Na usiikate ghafla kwa hofu kama mtoto ameshaitumia muda mrefu, mpeleke apimwe.

Kuhusu dawa za majani: mwaka 1994 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa wa vijijini hapa Malawi waliokuwa na maradhi ya kioo cha jicho. Karibu theluthi moja walikuwa wametumia dawa za kienyeji kabla ya kufika hospitali. Majani mengi yana tindikali, mengine yamekamuliwa kwa maji machafu, na kioo cha jicho kina unene wa karibu nusu milimita tu. Waganga wetu wa asili wana heshima yao, na hapa Malawi baadhi yao walifundishwa kuwapeleka wagonjwa wa macho hospitali mapema. Lakini kisitiwe kitu ndani ya jicho la mtoto.

Na wanja. Najua nagusa jambo la mila na la dini. Wanja una nafasi yake katika sunna, na ithmid imetajwa katika hadithi. Lakini unga mwingi unaouzwa kwa jina la wanja sokoni una madini ya risasi, ambayo ni hatari kwa ubongo wa mtoto mdogo. Na kijiti kimoja kikipita macho ya watoto watano asubuhi ya Idi, kimebeba kila kilichomo katika jicho la kwanza mpaka la tano. Macho ya mtoto yakiwa mekundu, wanja usubiri.

8. TUFANYE NINI?

Nyumbani:

1. Kila mtoto awe na kitambaa chake cha uso. Ncha ya kitenge cha mama isiwe taulo ya watoto wote.
2. Maji yamiminwe, yasichovywe. Kopo moja lenye tundu dogo linaosha nyuso za watoto wengi.
3. Kinyesi cha mtoto mdogo nacho kiende chooni. Wengi hudhani hakina madhara.

Madrasa:

1. Watoto wanapotawadha, waoshe uso sawasawa, na kila mmoja ajifute kwa nguo yake. Udhu ni ibada na si dawa, lakini uso uliooshwa mara kadhaa kwa siku ni uso ambao nzi haupendi.
2. Mwalimu aweke orodha ya watoto wanaosugua macho zaidi ya wiki mbili, na awaambie wazazi wao.
3. Anayekimbia mwanga akae mbali na dirisha, asiadhibiwe kwa kufumba macho wakati wa kusoma.

Hospitali: walioko Dzaleka waanzie kituo cha afya cha kambini, ambako wanaweza kupewa barua ya kwenda mbele. Walioko Lilongwe, kituo cha afya cha karibu kisha kitengo cha macho cha Hospitali Kuu ya Kamuzu. Mwombe mhudumu ageuze ukope wa juu aangalie. Ukimpeleka mtoto, beba chupa zote alizowahi kutumia, hata zilizokwisha. Na nenda siku hiyo hiyo ukiona: maumivu makali, doa jeupe juu ya mboni, kushindwa kabisa kufumbua macho, kuona kumepungua, au jicho limeingiwa na dawa ya majani au kemikali.

Bibi na mama zetu wazee nao tusiwasahau. Ukimwona bibi anang'oa kope zake kwa kibanio kwa sababu zinamchoma, huyo anabeba alama ya vikope vya utoto wake, awe alikulia Mchinji, Kongwa au kando ya Ziwa Tanganyika. Upasuaji wake ni mdogo na hauhitaji kulala hospitali. Wako wanaovumilia miaka mingi kwa kudhani ni uzee tu.

Ali ibn Isa aliandika alama za maradhi 130 ili tabibu asiyemjua, katika mji asiouona, asimpofushe mtu kwa kukosea jina. Elimu hiyo leo imo katika karatasi ya mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mpelekeeni mtoto kabla ya kupita dukani.

Wenye maswali wamwone ustadhi yeyote wa madrasa baada ya swala ya Alasiri, tutasaidiana kumfikisha mtoto panapostahiki. Allah awahifadhi watoto wetu na macho yao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.